Ua la kwanza la bibi yako lisiwe la jeneza

Kila mwaka, Februari inapoingia, maduka ya Kindu yanaanza kutundika maua mekundu ya plastiki. Kijana mwenye mchumba anajua hesabu inayomngoja. Asiponunua, ataambiwa hapendi. Akinunua, makuta ya juma zima yamekwenda kwenye kitu kisicho na harufu, ambacho kesho kutwa kitakuwa kinapanguswa vumbi juu ya televisheni.

Sipingi maua. Napinga plastiki, na zaidi napinga wazo kwamba maana ya ua inaandikwa mahali pengine, kazi yetu sisi ni kulipa tu.

Tunaambiwa waridi jekundu ni mapenzi makali, jeupe ni moyo safi, la njano ni wivu. Nani alisema? Sehemu kubwa ya orodha hizo ilienezwa na vitabu vya Ulaya vya karne ya 19. Kimoja kilichovuma sana, Le Langage des fleurs cha Charlotte de Latour, kilitoka Paris mwaka 1819. Na wenyewe hawakupatana. Waridi la njano, ambalo Wafaransa walilihusisha na wivu na usaliti, Marekani leo linapewa rafiki. Krizantemu huko Ubelgiji na Ufaransa hupelekwa makaburini tarehe 1 Novemba. Japani ua hilohilo ni alama ya mfalme. Basi maana haiko ndani ya ua. Wanaipanga wanaopeana.

Tena waridi hai linapenda baridi. Kenya inayalima kwa wingi kando ya ziwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, na yakishakatwa yanatunzwa kwenye baridi kali mpaka yafike Ulaya. Sisi tuko karibu mita 500, katika joto la Lualaba. Kule Kivu hewa ingeyafaa, lakini uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na tarehe 14 Februari mwaka huohuo, siku ya wapendanao yenyewe, M23 walichukua uwanja wa Kavumu karibu na Bukavu. Siku hiyo nani alikuwa anawaza maua?

Kuna jambo linaloniuma kuliko hilo. Wanawake wengi wa mji huu, tangu Kasuku mpaka Alunguli, wanapata taji la maua mara moja tu, nao wako ndani ya sanduku. Bwana ambaye hajawahi kumletea bibi yake hata ua moja anakopa pesa za taji la kilio, ili watu waone. Halafu tunashangaa kwamba ukimpelekea mama mzee maua nyumbani, anashtuka na kuuliza nani amekufa. Wengine watanijibu kwamba bibi anataka unga na mafuta ya mawese, siyo maua. Kweli, watoto hawali maua. Lakini hoja hiyo naisikia zaidi kwa wanaume ambao pesa ya bia hawajawahi kuiuliza swali hilo.

Kiswahili tunachosema kilitoka pwani, kikaja na wafanyabiashara mpaka Nyangwe na Kasongo. Walileta minyororo, hilo hatusahau. Walileta na mchele, tunaula hadi leo. Kikuba hatukukichukua. Huko Zanzibar na Lamu wanafunga pamoja asumini, kilua na rehani, mwanamke anakivaa kifuani au kwenye nywele, na asumini inatandazwa kwenye kitanda cha bibi harusi. Hakuna kitabu cha kueleza maana yake. Harufu inatosha, bwana anaelewa.

Nasi tunaweza kuanza na ua linaloota kwenye joto kama letu. Mimi nachagua franjipani, lile jeupe lenye moyo wa njano. Indonesia wanalipanda makaburini, Hawaii wanalivisha wageni shingoni. Sisi tuko huru kuliita la mapenzi. Harufu yake inazidi jioni, saa ambayo watu wako nyumbani. (Wataalamu wanasema linawadanganya nondo, kwa maana linawaita kwa harufu na halina asali. Hilo usimwambie mchumba.)

Halihitaji duka. Omba jirani tawi lenye urefu wa mkono, jihadhari na utomvu wake mweupe usiingie machoni, liache kivulini kama juma moja mpaka lililokatwa likauke, kisha lichomeke mahali ambapo maji hayatuami. Lipande kwenye uwanja wa wakwe. Mara nyingi tawi linachukua mwaka mmoja mpaka mitatu kutoa maua, na kwa vijana wengi wa hapa huo ndio muda wa kumaliza mahari.