Nani Asomaye Picha ya Mifupa Yetu?



Katika mkutano wa mwezi uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza swali hili: Je, mtu akipigwa picha ya eksirei, ana haki ya kuuliza ni nani aliyeisoma picha ile, na alijifunza wapi kazi hiyo? Wengine walicheka, wengine wakasema ya kuwa kumwuliza daktari swali kama hilo ni kukosa adabu. Muda ulikuwa umekwisha, na jambo likaachwa bila jibu. Sisi tumeona vema kulijibu katika ukurasa huu, maana latuhusu miili yetu na mishahara yetu pia.

Mwandishi wa maneno haya naye ana sababu yake ya kutocheka. Baba yake mdogo, mzee wa miaka sabini na zaidi, aliteleza wakati wa masika akiwa ugenini, mbali na wilaya zetu. Alipelekwa katika nyumba ya uganga ambayo hatuna haja ya kuitaja, akapigwa picha ya nyonga. Jioni tukapewa kipande cha karatasi chenye maneno matatu: "Mfupa ni mzima." Hapakuwa na jina, wala saini, wala mhuri, wala tarehe. Tukafurahi, tukamrudisha mzee nyumbani.

Zikapita wiki tatu naye hawezi kusimama. Tulipompeleka mahali pengine na kupigwa picha ya pili, ikaonekana wazi ya kuwa shingo ya mfupa wa paja imevunjika, na vipande vimekwisha kuachana. Daktari yule wa pili hakumtukana mwenzake. Alitueleza ya kuwa ufa mwembamba wa mahali pale waweza kufichika katika picha ya siku ya kwanza, hata kwa jicho la bingwa. Lakini bingwa, alisema, angaliandika ya kuwa hana hakika, na ya kuwa mgonjwa akiendelea kuona maumivu sharti arudi. Kisha akashika ile karatasi ya kwanza, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza: "Nani aliyeandika hii? Ningependa kusema naye." Tukatazamana. Hapakuwa na mtu wa kujibu.

Basi, wenzetu, tufikiri kidogo. Ikiletwa barua masijala isiyo na saini wala tarehe, karani atafanya nini? Ataifungulia jalada na kuipeleka kwa mkubwa wake? Hasha! Atairudisha ilikotoka. Hata hati ya kutoa rimu mbili za karatasi ghalani haipiti bila jina la mwenye kuidhinisha. Yawaje hati ya kusema mfupa wa mtu ni mzima au umevunjika ipite mikononi mwetu bila jina, nasi tuseme asante?

Labda wako wadhanio ya kuwa picha ya eksirei hujisema yenyewe, kama picha ya harusi. Sivyo. Profesa Wilhelm Conrad Röntgen alipoigundua mionzi hiyo kule Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895, na mwezi uliofuata kuupiga picha mkono wa mkewe, alichokiona kilikuwa vivuli: mfupa, nyama, na pete ya ndoa imeelea kidoleni. Hata leo picha ya namna hiyo ni vivuli. Kifua kizima kina vivuli vya mbavu, vya moyo na vya mishipa ya damu, kimoja juu ya kingine, na alama ya kifua kikuu yaweza kujificha nyuma ya mfupa mmoja mdogo wa bega.

Sisi wa nchi hii tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengine. Makorongo ya Oldupai yalikanyagwa na ng'ombe na wachungaji miaka mingi, na waliopita waliona mawe. Mwaka 1959 Mary Leakey alipita mahali palepale, akaona meno katika udongo, na meno yale yakawa ya fuvu ambalo dunia nzima imelisikia. Nyayo za Laetoli, zilizo karibu na Endulen, zilikuwapo kwa miaka zaidi ya milioni tatu na nusu kabla ya mtu kuzitambua. Jiwe ni lilelile na jua ni lilelile. Tofauti ni jicho lililofundishwa.

Sasa tueleze jicho hilo hufundishwaje. Kwanza tutofautishe watu wawili ambao wengi wetu huwachanganya. Yuko apigaye picha: yeye humweka mgonjwa sawasawa, hupima kiasi cha mionzi, na huangalia picha itoke safi. Kazi yake ina elimu yake, na tangu sheria ya mwaka 2007 wataalamu wa namna yake wana baraza lao la kuwasajili. Tena yuko daktari bingwa wa radiolojia, naye ndiye asomaye. Huyu husoma udaktari miaka mitano, hutumika mwaka mmoja hospitalini chini ya macho ya wakubwa wake, kisha hurudi chuoni, kama vile Muhimbili au KCMC ya Moshi, kwa masomo ya ubingwa ya miaka isiyopungua mitatu. Wote wawili ni watu wa heshima, lakini kazi ya mmoja si kazi ya mwingine, kama vile mpiga chapa wa barua si lazima awe ndiye aliyeitunga.

Na mtu akitaka kumjua bingwa huyo vilivyo, yako mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni shahada, yaani kwamba alifundishwa na akashinda mtihani. Tanzania hutolewa na vyuo vikuu. Kule Marekani, baada ya mafunzo, iko bodi ya mitihani ya radiolojia iliyoundwa mwaka 1934. La pili ni idhini, yaani ruhusa ya kufanya kazi katika nchi fulani. Shahada husafiri na mwenyewe popote, lakini idhini haivuki mpaka. Hata huko Marekani kila jimbo hutoa ya kwake. Hapa kwetu idhini hutoka kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo sasa huongozwa na sheria ya mwaka 2017. La tatu ni kituo, yaani hospitali au chuo ambako mtu huyo anajulikana na kuajibika. Jambo hili la tatu wengi hulidharau, nasi twaona lina uzito mwingi. Daktari aliye na kituo ana wenzake wanaoziona kazi zake kila siku, na akikosea yuko wa kumwambia. Asiye na kituo ni kama karani asiye na ofisi: hata akiwa na vyeti vingi, hujui umtafute wapi.

Mambo hayo matatu yamekuwa makubwa zaidi katika wilaya zetu kwa sababu ya wageni. Karatu tumebahatika. Hospitali ya FAME, iliyoanzishwa na Daktari Frank Artress, bingwa wa dawa za usingizi kutoka California, pamoja na mkewe Susan Gustafson, ina mashine ya siti skani, na hupokea madaktari wa kujitolea kutoka ng'ambo wafanyao kazi bega kwa bega na Watanzania. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nasi twashukuru. Lakini mgeni mwema hubisha hodi. Sheria yetu inayo idhini ya muda kwa mganga mgeni, na mgeni mwenye kuiheshimu nchi huitafuta kabla ya kumgusa mgonjwa. Wala tusimpime kwa urefu wa majina ya vyuo vyake tu. Tumwulize pia atawaachia nini wenyeji. Tangu 2018 mabingwa kutoka chuo cha Yale na vinginevyo wamekuwa wakija Muhimbili kwa zamu kuwafundisha madaktari wetu matibabu yanayoongozwa kwa picha za radiolojia, na leo wako Watanzania wafanyao kazi hiyo wenyewe. Ugeni wa namna hiyo una faida hata mgeni akiisha kuondoka.

Tena siku hizi si lazima msomaji wa picha awepo. Picha ipigwayo mchana katika wilaya zetu yaweza kupelekwa kwa intaneti na kusomwa usiku na mtu aliye ng'ambo ya bahari, na majibu yakawa mezani asubuhi. Jambo hili ni neema kwa nchi kama yetu, ambako kutoka Karatu hadi KCMC ni zaidi ya kilomita 200, na mgonjwa wa Endulen sharti kwanza apite ukingo wa kreta ndipo aifikie lami. Lakini kadiri msomaji alivyo mbali, ndivyo jina lake lipasavyo kuwa karibu. Mtu tusiyeuona uso wake, tumjue basi kwa saini yake.

Twarudi kwa wale waliosema ya kuwa kuuliza ni kukosa adabu. Wenzetu, mmesahau mwaka 2017? Vyeti vya watumishi wa umma nchi nzima vilichunguzwa, na tarehe 28 Aprili Rais Magufuli akapokea taarifa iliyotaja watumishi 9,932 kuwa wana vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wengi wetu twakumbuka tulivyofungua masanduku usiku kutafuta karatasi za shule, na mioyo ikitudunda hata sisi tusio na hatia. Hakuna aliyesema Serikali imekosa adabu kutuuliza. Ikiwa mwandika barua alitakiwa aonyeshe cheti chake, haliwi tusi msomaji wa mapafu yetu akiulizwa jina lake.

Tena tunalipa. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3. Picha zetu si sadaka. Ni fedha yetu iliyotangulia.

Kwa hiyo twashauri mambo haya, nayo yote ni mepesi. Mwanachama apewapo majibu ya picha, aangalie kama yana jina la aliyesoma, cheo chake, kituo chake na tarehe. Yasipokuwapo, aombe kwa upole yaandikwe. Picha yenyewe aitunze kama atunzavyo barua ya ajira, ili daktari wa pili apate kuilinganisha. Na asiyejua kusoma, mwanachama aliye karibu amsaidie, awe Mwiraqw wa Rhotia au Mmaasai wa Nainokanoka.

Neno la mwisho ni kwa matabibu wetu wa zahanati na vituo vya mbali. Twajua ya kuwa mara nyingi ninyi mwasoma picha kwa sababu bingwa hayupo, na bila ninyi wengi wangalikufa njiani. Hatuwaombi mwe msivyo. Twawaomba mwandike majina yenu, na penye shaka mwandike kwamba pana shaka. Mzee wetu yule anatembea sasa kwa magongo mawili. Hana kinyongo na mtu, kwa kuwa hajui amwekee nani. Lakini kila akiona karatasi mkononi mwangu huuliza kwanza, "Imetiwa saini?"

Haya, wenzetu, shime. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.