Zana za kuutawala mtandao zisiachwe kwa muuza mitambo

Desemba 2023 kampuni ya simu ya AT&T ya Marekani ilitangaza mkataba wa miaka mitano na Ericsson ya Sweden, wenye thamani inayokaribia dola bilioni 14. Ahadi iliyotolewa ilivutia: ifikapo mwishoni mwa 2026, asilimia 70 ya mawasiliano yake ya simu za mkononi yapite kwenye mitambo inayoweza kuchanganywa na ya watengenezaji wengine. Kilichoonekana kwanza kilikuwa kinyume cha mchanganyiko, kwani Nokia, iliyokuwa ikiiuzia AT&T mitambo ya minarani, ndiyo iliyopoteza nafasi. Mwaka uliofuata AT&T ikachagua pia jukwaa la Ericsson la kuuendesha mtandao huo wa redio, lichukue nafasi ya mifumo miwili ya zamani. Kununua redio nyingi kwa muuzaji mmoja ni uamuzi wa kibiashara, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na uamuzi wa pili, wa jukwaa. Kampuni ya simu inayomkabidhi muuzaji wake mkuu zana za kusimamia mitambo ya wauzaji wote imekosea, na kampuni za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambazo nazo huendesha mitambo ya watengenezaji zaidi ya mmoja, zisiige.

Tazama kinachokabidhiwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vifaa vya mtandao hutoa taarifa zake kwa itifaki ya SNMP. Kila mtengenezaji ana namba yake katika mti wa pamoja wa utambulisho: Cisco ni 9, Ericsson 193, Huawei 2011. Chini ya namba yake, kila mmoja hupanga mambo apendavyo. Ndiyo maana hitilafu ileile hufika kwenye skrini ya chumba cha usimamizi kwa majina tofauti, huyu akiipa uzito wa juu kabisa na yule akiipa wa kati. Chukua mnara mmoja unaobeba pia mawasiliano ya minara mingine iliyo nyuma yake. Umeme wa TANESCO umekatika usiku, jenereta haikuwaka, betri zimeisha. Inaanza alamu ya umeme, inafuata ya betri, halafu kiungo cha maikrowevu kinapotea, kisha kila mnara wa nyuma unalalamika kwa lugha ya mtengenezaji wake. Skrini inajaa. Mhandisi wa zamu anahitaji mstari mmoja tu: mpeleke fundi wa jenereta kwenye mnara fulani. Mstari huo hautoki kiwandani. Lazima mtu awe ameandika programu ya kutafsiri alamu za kila mtengenezaji, akaeleza mnara gani unategemea upi, na akaweka kanuni kwamba alamu hizi zote zikija kwa mfululizo huu, chanzo ni kimoja.

Hapo ndipo uzito wote wa suala hili ulipo. Kanuni hizo ni maarifa ya kampuni kuhusu mtandao wake yenyewe. Huandikwa moja moja, mara nyingi baada ya usiku mbaya, na watu waliojifunza kwamba kituo fulani hutoa alamu ya joto kila mchana wa kiangazi bila kuwa na ubovu wowote, au kwamba rauta ya aina fulani hunyamaza kabla ya kuzimika. Baada ya miaka kumi zinakuwa nyingi, na hakuna mtu mmoja anayezikumbuka zote. Sasa ziweke ndani ya jukwaa la muuzaji, kwa muundo anaoumiliki yeye. Siku ya zabuni ikifika, mpinzani wake anaweza kuja na bei nafuu ya redio, lakini kuhama kunamaanisha kuyaacha nyuma maarifa hayo na kuanza upya. Kampuni iko sawa na mwenye duka aliyemwachia muuzaji wa jumla daftari lake la wadeni: bado duka ni lake, lakini bei haipangi tena yeye. Wala haihitajiki hila yoyote ili madhara yatokee. Mtengenezaji akitoa toleo jipya la programu ya mitambo yake, tafsiri ya alamu zake kwenye jukwaa lake mwenyewe huwa tayari siku hiyohiyo. Mpinzani wake akitoa toleo jipya, tafsiri inavunjika, na kuirekebisha kunahitaji nyaraka za mpinzani, leseni zake na muda wa wahandisi wenye kazi nyingine. Foleni ya matengenezo inapangwa na mwenye jukwaa. Mwaka hadi mwaka mitambo yake itaonekana kuwa tulivu na rahisi kusimamia, ile ya wengine itaonekana kuwa na matatizo, na ripoti itakayopelekwa kwa bodi itashauri ununuzi zaidi kutoka kwake.

Gharama ya kutoutawala mtandao wako ilionekana Kanada tarehe 8 Julai 2022, pale mtandao wa kampuni ya simu ya Rogers ulipozimika na kuwaacha watu zaidi ya milioni 12 bila huduma. Uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya mdhibiti wa mawasiliano ulionyesha kwamba kazi iliyokuwa ikifanyika ilikuwa hatua ya sita kati ya saba za mabadiliko ya rauta. Mpango mzima uliwahi kupewa daraja la hatari kubwa, lakini kwa kuwa hatua za awali zilikwenda salama, kanuni ya kompyuta ilishusha daraja hilo hadi hatari ndogo. Kichujio kikaondolewa na rauta za kiini zikafurikwa na taarifa za njia. Wahandisi walipotaka kuingia warekebishe, walikuta mtandao wa kusimamia mitambo unategemea kiini kilekile kilichoanguka. Kosa halikuwa la muuzaji yeyote. Lakini zana zilipotoa hukumu isiyolingana na mtandao halisi, hukumu hiyo haikusahihishwa kwa wakati. Kusahihisha kunawezekana pale tu kanuni ziko wazi mbele ya watu wako na wana mamlaka ya kuzibadilisha.

Wanaotetea njia ya AT&T wana hoja, na zisemwe. Muuzaji anaijua mitambo yake kuliko mteja. Wahandisi wanaoandika programu ni wachache na ghali. Kampuni nyingi zilizojaribu kujijengea zana zilichoka njiani. AT&T yenyewe ilijenga mfumo wa ECOMP wa kuusimamia mtandao wake, wenye mistari zaidi ya milioni 8 ya programu, ikautoa kwa umma mwaka 2017 ukawa sehemu ya mradi wa ONAP, na wengi waliona mradi huo ni mzito kuubeba. Yote hayo ni kweli, na yanathibitisha tu kwamba kazi ni ngumu. Husemwa pia kwamba jukwaa la Ericsson linaruhusu programu za kampuni nyingine kufanya kazi juu yake. Hapa uvumilivu unanishinda. Kuruhusiwa kuandika programu juu ya tabaka la mwingine hakukupi tabaka lenyewe. Tafsiri ya alamu, ramani ya mtandao na kanuni zinabaki kwake, kwa masharti yake, hadi mkataba utakapoisha. Na wanaosema viwango kama YANG vitamaliza tatizo wanasahau kwamba YANG inaeleza namna ya kuandika muundo wa mpangilio, na bado kila mtengenezaji huandika wa kwake. Kampuni ya ukubwa wa AT&T haiwezi kudai haikuyajua haya.

Hapa kwetu hakuna anayedai kila kampuni ijenge ECOMP yake. Inunue jukwaa, ikodi wahandisi, hata ikabidhi kazi ya zamu kwa mkandarasi. Lakini kabla ya kusaini, mkataba uandike mambo matatu: msimbo wa programu za kutafsiri uwe mali ya kampuni ya simu, kanuni zote ziweze kutolewa nje kwa muundo unaosomeka bila leseni ya muuzaji, na muuzaji athibitishe kwa jaribio, mbele ya wahandisi wa mteja, kwamba mtambo wa mpinzani unaweza kuingizwa bila yeye kushiriki. TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambazo huiwajibisha kampuni ya simu na si muuzaji wake pale huduma inapoanguka, zina kila sababu ya kuuliza kama masharti hayo yamo. Muuzaji atakayekataa sharti la tatu asipewe kazi.