Lumumba hakutuachia karte ya daraja

Ndugu na dada wa Boyoma, vijana wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga,

Kila tarehe 17 Januari inchi nzima inapumzika kwa jina la Lumumba. Wakubwa wanaweka maua, wanapigwa foto, wanapanda majeep yao, wanaenda. Siye vijana tunabadilisha picha ya profili, tunaweka ile yenye miwani. Kwenye CAN ya Morocco shabiki mmoja wa Leopards alisimama mkono juu kama sanamu yake, mechi nzima bila kutikisika, na dunia ikauliza: huyu Lumumba ni nani? Tulijisikia vizuri, na haki ilikuwa yetu. Lakini siye wa Kisangani tunapaswa kuwa wa kwanza kujibu swali hilo. Tunajibu nini?

Tuanze na mji wetu. Lumumba aliishi hapa wakati mji ukiitwa Stanleyville, akiwa karani wa posta. Wakati ule muzungu alikuwa na mtaa wake na mweusi na cité yake, muzungu na mshahara wake na mweusi na wake. Kwa wachache waliosoma, Wabelgiji walifungua mlango mwembamba. Tangu 1952, ukitaka kuhesabiwa karibu na muzungu mbele ya sheria, unaomba karte ya "immatriculation". Wanakuja kwako kuangalia nyumba, unavyokula, mke wako anaishi namna gani. Lumumba aliomba. Kwanza walimkatalia. Hakukubali, na mwaka 1954 aliipata. Katika inchi yenye watu zaidi ya milioni 10, walioipata walikuwa mamia machache tu.

Karte ile haikuleta usawa. Ilileta daraja. Ilimwambia mtu mmoja: weye umekaribia kuwa mtu, wenzako bado. Lumumba aliipitia ngazi ile mpaka juu, na mwishowe aliikataa. Oktoba 1958 yeye na wenzake walianzisha MNC, chama cha Wakongomani wote, wakati wengine walikuwa wanajenga vyama vya kabila na vya jimbo. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin, alikumbusha kwamba mweusi aliitwa "tu", kwa kudharauliwa na si kwa urafiki, kwa sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya wazungu peke yao. Hakusema kwa niaba ya wenye karte. Alisema kwa niaba ya wote.

Na nani alimpa nguvu ya kusema vile? Mji huu. Lumumba alikuwa Mtetela wa Sankuru, si "mwenyeji" wa hapa. Mei 1960 watu wa Mkoa wa Mashariki walikipa chama chake viti 58 kati ya 70 vya baraza la mkoa. Hawakumwambia arudi kwao. Alipotoroka Kinshasa mwisho wa Novemba 1960, alikuwa njiani kuja hapa kwetu. Walimkamata kabla hajafika. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Februari, weusi wa Marekani waliokuwa wanapigania haki zao kwao waliingia katika ukumbi wa Baraza la Usalama, New York, wakapaza sauti kwa ajili yake. Kwao, kifo cha mtu huyu wa Stanleyville kilikuwa msiba wao.

Sasa tuje kwenye ubishi wa leo, ule tunausikia kwenye nganda, kwenye toleka, kwenye auditoire za UNIKIS.

Kuna wenye kusema: "Mambo ya rangi imekwisha. Wazungu walienda, tatizo ni siye wenyewe." Tunawajibu: haijakwisha. Juni 2022 Mfalme Philippe alikuja Kinshasa, akasema anasikitika. Pardon hakuomba. Mwezi ule ule Ubelgiji ilirudisha jino moja, kwa sababu mwili wote waliuyeyusha ndani ya asidi. Desemba 2022 tume ya bunge lao juu ya ukoloni ilivunjika kwa kushindwa kupatana juu ya neno hilo moja: pardon. Ilibidi wamama watano metis, walionyang'anywa mama zao wakiwa watoto kwa sababu ya rangi tu, waende mahakamani. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Bruxelles ilisema wazi: ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mambo iliyokwisha haihukumiwi mwaka 2024.

Kuna wengine wenye kusema: "Adui ni muzungu tu. Makabila ni uongo wa watu wa inje." Hawa tunawaomba wavuke mto. Tangu 2023 Wambole na Walengola wameuana Lubunga na kando yake, kwa mgogoro ulioanzia kwenye ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo. Nyumba zimechomwa. Maelfu ya familia wamekimbia, wamelala kambini ndani ya mji wa Lumumba. Panga lile lilishikwa na mkono mweusi kumkata mweusi, na hakuna muzungu aliyekuwa pale kutuita "tu".

Kwetu siye, ubishi huu unakata kitu kimoja vipande viwili. Ngazi ni moja. Mkoloni aliweka rangi juu, chini akatupanga kwa kabila na kwa chefferie, kila mtu na daraja yake. Kipande cha juu kilivunjika 1960. Cha chini tumebaki nacho mkononi, tunakitumia sisi kwa sisi. "Ule si wa hapa." "Kazi hii ni ya wenyeji." Na huko Kinshasa, tangu 2021 kuna mswada wa sheria unaotaka uraisi uwe wa mwenye baba na mama Wakongomani peke yake. Ni karte ile ile, imeandikwa upya: weye ni Mkongomani, lakini si kabisa.

Kwa hiyo tunadai:

Ubelgiji iombe pardon kamili, ifungue archives zote, na ilipe. Deni halilipwi kwa masikitiko.

Serikali ya mkoa iwalinde waliokimbia Lubunga, iwafikishe mbele ya sheria waliochochea na waliouza silaha, na itangaze kila mkataba wa ardhi mbele ya wanainchi kabla ya kutia sahihi.

Wadeputé wa Tshopo wapinge kila sheria inayowapanga Wakongomani kwa daraja.

Na siye wenyewe tuanze leo, bila kungoja leta. Mwenye kuandika matusi ya kabila ndani ya groupe yetu ya WhatsApp, tumjibu pale pale mbele ya wote, hata kama ni ndugu wa damu, hata kama ni rafiki wa masomo. Kijana mwenye kuomba kazi au nyumba, tumuulize anajua nini na atalipa namna gani. Kijiji cha babu yake tukiache.

Mwaka 1960 Boyoma ilimchagula mtu wa Sankuru kwa sababu ya alichosema. Siye wajukuu wa wapiga kura wale, tukishindwa kuishi na jirani wa ng'ambo ya mto, picha ya profili tuitoe.

Tumeandika hapa Kisangani.