Tindikali, Besi na Tangi la Marudio

Mwanafunzi wa kidato cha nne apimwapo maarifa yake ya tindikali na besi, aghalabu hupewa bureti, pipeti na matone machache ya kiashiria. Hudondosha tindikali katika besi mpaka rangi igeuke, huandika ujazo, kisha hutumia kanuni aliyoikariri kupata ukolezi. Kazi hiyo ni njema, nayo humzoeza mkono na jicho. Lakini yawezekana kabisa kuipata hesabu bila kujua kinachotendeka ndani ya chupa.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita upungufu huo si jambo dogo. Huko marudio, yaani mchanga ambao wachimbaji wadogo wamekwisha kuuosha kwa zebaki, huchenjuliwa tena matangini kwa sayanidi ili kutoa dhahabu iliyosalia. Kabla ya sayanidi kutiwa, hapana budi maji yatiwe chokaa hadi pH ifike 10.5 hivi. Kwa nini? Swali hilo moja lingempima mwanafunzi kuliko bureti kumi.

Atakayejibu kwamba pH 7 ingekuwa salama zaidi kwa kuwa iko katikati, amekariri tu. Sayanidi ya haidrojeni ni tindikali dhaifu mno. Penye pH 9.2, nusu ya sayanidi iliyomo majini huwa katika umbo la tindikali hiyo, penye 10.5 ni kama sehemu 5 tu kwa 100. Penye 7 ni karibu yote. Nayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Sentigredi, joto ambalo mchana wa Shinyanga hulipita kwa urahisi, ikapaa kama hewa iuayo. Udhaifu wa tindikali, basi, ni uchache wa haidrojeni inayoiachia majini, wala si upole wake kwa mwili wa binadamu. Hata rangi ya waridi ya fenofthalini, ipendwayo sana maabarani, huanza kuonekana karibu na pH 8.3, aionaye hana hakika kwamba tangi limefika 10.5.

Litasemwa kwamba shule nyingi hazina kemikali za kutosha, na madarasa yamejaa. Ni kweli, lakini swali la namna hii lahitaji karatasi na kalamu tu, na halimpeleki mwanafunzi karibu na tangi (wala asipelekwe). Palipo na udongo wa ibushi, ule wenye chokaa, maji ya limau yatatosha: mwanafunzi aone povu, aeleze limetoka wapi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kazi ya darasani ihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Nafasi hiyo ni ya mwalimu, na ni hasara kuijaza kwa nakala za maswali ya mtihani wa taifa.

Swali la pili laweza kuwa hili. Tangi liko wazi, na usiku mvua kubwa imenyesha. Maji ya mvua huwa na pH ya 5.6 hivi, kwa sababu ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake. Asubuhi kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana anatumwa kukoroga marudio. Apime nini kabla ya kusogea, na kwa nini?