Kichwa cha mtoto wa SS nacho kipimwe

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa Munigi, ekografi unaijua: mama mjamzito hupakwa mafuta tumboni, mganga akamtazama mtoto. Lakini chombo hicho huwekwa pia kati ya jicho na sikio, kikapima mbio ya damu ndani ya ubongo. Rune Aaslid, mtu wa Norway, alionyesha njia hiyo mwaka 1982.

Jambo hili linakuhusu kama nyumbani mwako mna mtoto wa SS. Maumivu ya viungo tunayajua. Kiharusi kwa mtoto wa miaka mitano hatukitazamii. Mdomo unapinda, mkono unalegea, jirani anasema amelogwa, na saa zinapita. Sigombani na jirani, ila mtoto atangulie hospitali.

Wewe unayeshika mpira wa maji kazini unajua: ukiubana, maji hutoka mbio. Ndivyo ilivyo mshipa wa kichwa ukiwa mwembamba kwa ajili ya SS. Mbio ya damu ikifika sentimeta 200 kwa sekunde, watoto kama 10 kwa 100 hupata kiharusi kila mwaka wasipotibiwa. Mwaka 1998 Robert Adams na wenzake wa Marekani walitangaza kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara kulipunguza kiharusi kwa zaidi ya 90 kwa 100.

Damu ya kila mwezi ni mzigo mkubwa huku kwetu. Lakini huko Mwanza, Tanzania, waganga wa hospitali ya Bugando waliwapima watoto kwa ekografi hiyo, wale wenye mbio ya hatari wakapewa hidroksiurea, dawa ya kumeza kila siku, na mbio ikashuka.

Maoni yangu: sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na jamaa yake. Basi kampuni ilipie kipimo hiki mara moja kwa mwaka kwa kila mtoto wa SS, tangu miaka 2 hadi 16. Hakina sindano, hakiumi; mtoto akae kimya tu, asilale usingizi. Panatakiwa mashine yenye kupima mwendo wa damu na mtu aliyefundishwa kuitumia. Kumfundisha mtu huyo ni gharama ndogo kuliko kumlea aliyepooza.

Ukienda kituo cha afya, chukua karatasi ya damu ya mtoto, umwombe mganga aandike kipimo cha kichwa. Nanyi wajumbe wa wafanyakazi, pelekeni neno hili kwa wakuu katika mkutano ujao.