Tusingoje Mfadhili



 

Hakuna kati yenu asiyepajua Mnazi Mmoja. Lakini tukiwauliza ule ukumbi wa Arnautoglu, ambao mtaani tunautamka Anatoglo, ulijengwa kwa ajili gani, wengi hujibu haraka: harusi na mikutano. Ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa fedha za tajiri mmoja wa Kigiriki, George Arnautoglu, uwe kituo cha jamii, mahali pa wananchi kukutana na kujifunza.

Si mbali na hapo, Mtaa wa Lumumba, zamani ukiitwa New Street, kulikuwa na jengo jingine, nalo halikutolewa na tajiri yeyote. Wanachama wa African Association, chama kilichoanzishwa 1929, walilijenga wenyewe kwa kujitolea. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Kleist Sykes, mfanyakazi wa reli, ambaye pia alikuwa miongoni mwa waasisi wa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika mwaka 1933, jumuiya iliyofungua shule ili watoto wa Kiislamu wasome dini na elimu ya dunia pamoja. Na katika jengo lile la New Street ndimo ilimozaliwa TANU, tarehe 7 Julai 1954.

Hatumbezi Mgiriki wa watu. Alitoa, na wengi walinufaika. Tunayasema haya kwa sababu sisi wa leo tumezoea kungoja. Kila jambo barua kwa mfadhili. Na mfadhili akija, tunapata jengo zuri lenye kibao mlangoni, halafu ndani hamna mwalimu.

Mtume wetu (S.A.W.) alipojenga msikiti Madina alibeba matofali pamoja na Maswahaba wake. Angeweza kukaa kivulini na hakuna ambaye angemlaumu.

Sasa tuitazame Kariakoo yetu. Nyumba za Kiswahili zenye ua, ambamo watoto walisomeshwa juzuu kwenye jamvi, zinavunjwa moja baada ya nyingine na kupandishwa maghorofa. Chini duka, juu stoo ya mizigo. Mama lishe anatoka nyumbani kabla ya alfajiri na kurudi usiku, na mwanawe akitoka shule anazurura kati ya mikokoteni na bodaboda. Mtoto huyu hahitaji ukumbi wa marumaru. Anahitaji chumba kimoja, ubao, maji ya kunywa, na mtu mzima anayemjua kwa jina. Tena tusimuulize dini ya wazazi wake kabla ya kumsaidia hesabu zake.

Chumba tunacho. Mchana wa Jumamosi na Jumapili madarasa yetu yamefungwa kwa kufuli. Watu ndio hatuna, na hapa lazima tuseme kweli hata kama inatuuma. Tulijaribu mara moja. Wiki ya kwanza walikuja vijana wengi waliokwishakhitimu, wiki ya nne akabaki ustadhi mmoja, anatoka Mbagala kwa nauli ya mfukoni mwake, watoto wamemjaa hadi mlangoni. Naye akaacha. Baadhi yetu tulimsema vibaya, kwamba hana ikhlasi. Tulimkosea. Ikhlasi haimlipii mtu daladala, na sisi tuliomsema tulikuwa tumekaa nyumbani.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Anayejitolea asilipwe mshahara, lakini arudishiwe nauli na apate chakula cha mchana. Fedha hiyo itoke kwa wazazi wenye maduka hapa hapa Kariakoo, kidogo kidogo kila wiki, iandikwe daftarini na daftari libandikwe ukutani kila mtu asome. Na asiandikishwe mtu kwa wiki zote za mwaka. Ajitolee Jumamosi mbili tu kwa mwezi, ila hizo mbili asikose.

Nyinyi mnaokhitimu mwaka huu, msiondoke na cheti peke yake. Daftari la majina liko ofisini. Lina majina manne hadi sasa, na mawili ni ya walimu wenu.