Chumvi Haianzii Mezani

Mwaka wa pili, katika somo la tafsiri, tulipewa kijikaratasi cha afya kuhusu presha na magonjwa ya moyo na figo ili tukitie katika Kiswahili. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vyakula vyenye sodiamu kidogo: brokoli, shayiri, jibini lisilotiwa chumvi, kifua cha kuku kisicho na ngozi. Darasa lilibishana karibu nusu saa juu ya brokoli, kama tuiache ilivyo au tuiite aina ya kabichi. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayeila brokoli hiyo Palma, Mocímboa da Praia au Ibo. Kazi zilisahihishwa sarufi, zikarudishwa, na mjadala ukaisha. Wangu ndipo ulipoanza.

Mimi ni mzaliwa wa Palma, wilaya ya mwisho ya pwani ya Msumbiji kabla hujafika mto Ruvuma. Sokoni kwetu utasikia Kimwani, Kimakwe, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili. Kireno kinakaa ofisini na kwenye maandishi ya pakiti za dukani. Mama yangu mkubwa ana presha ya miaka mingi na sasa moyo wake umechoka, miguu inavimba. Katika zahanati moja aliambiwa asile chumvi, basi, kama vile chumvi ni kitu unachokikuta kwenye sahani ukakisogeza pembeni kwa kidole.

Hoja yangu ni kwamba pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado haina upungufu wa vyakula vyenye chumvi kidogo. Ina vingi kuliko hizo nchi zinazotuandikia vijikaratasi. Kinachowafanya wagonjwa wetu wale chumvi ni kutengwa na vyakula hivyo, na kutengwa huko kuna sababu zinazojulikana. Anayemlaumu mgonjwa peke yake amechagua njia iliyo rahisi kwake.

Tazama vinavyoota na vinavyovuliwa. Muhogo, viazi vitamu, mtama, mchele, ndizi, kunde, mbaazi: vyote hivi vina sodiamu kidogo mno kabla ya mkono wa mpishi. Kisamvu, ambacho kwetu tunakiita matapa, na majani ya kunde na ya mlonge, ni hivyohivyo. Tui la nazi iliyokunwa nyumbani halina chumvi ya kuhofiwa. Changu au kolekole aliyetoka baharini asubuhi ana sodiamu ya takriban miligramu 100 au pungufu kwa kila gramu 100 za nyama yake, ingawa ameishi ndani ya maji ya chumvi maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai cha bapa, ambacho kina sodiamu ya miligramu 2,000 hivi. Kwa samaki mbichi, muhogo na tui, mtu anaweza kula akashiba na bado kijiko chake hakijaguswa. (Kombe, kaa na pweza nawaweka kando kidogo. Wale hubeba bahari mwilini, sodiamu yao huwa mara mbili au tatu ya samaki wa mapezi. Anayezuiwa chumvi awale kwa kiasi, wala asichemshiwe kwa maji ya bahari.)

Sasa mchukue changu yuleyule, mpasue mgongoni, mfungue kama kitabu, mpake chumvi na umwanike kwenye kichanja siku mbili tatu. Sodiamu yake inapanda kutoka miligramu 100 hadi maelfu. Kipande kimoja cha ng'onda wa namna hiyo kinaweza kummaliza mgonjwa posho yake ya siku nzima kabla mchuzi haujatiwa hata punje. Nani alimtia chumvi? Mvuvi, kwenye ufuo wa Matemo au Quirimba. Kwa nini? Kwa sababu hana barafu. Samaki wake anatakiwa afike Montepuez au Mueda, na jua la pwani halimngoji dereva. Kijikaratasi kinaizungumzia chumvi kama ladha, kama tabia mbaya ya ulimi. Kwetu chumvi ni jokofu. Ukimwambia mtu aache jokofu lake bila kumpa jingine, hujamshauri kitu.

Na kadiri mtu anavyosogezwa mbali na bahari, ndivyo samaki wake anavyozidi chumvi. Hili halisemwi kwenye semina za lishe, lakini kila mama wa Cabo Delgado analijua. Wavuvi wa Quitupo na vijiji jirani vya rasi ya Afungi walihamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi. Wakapewa nyumba za matofali, na malalamiko yao kuhusu umbali wa kwenda baharini yamesikika kwa miaka. Halafu vita. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, na hasa baada ya Palma tarehe 24 Machi 2021, maelfu kwa maelfu ya watu wa pwani wamekuwa wakila kwa kugawiwa. Kuna vipindi ambavyo wavuvi walizuiwa kuingia baharini kwa sababu za usalama. Mama mkubwa alifika Pemba kwa mashua na kupokewa na jamaa, nyumba ya watu wanne ikawa ya watu kumi na watatu.

Mgao ulikuwa mchele, maharage na mafuta. Kwa daktari anayesoma orodha, huo ni mlo mzuri kwa mgonjwa wa presha, sodiamu karibu hakuna. Lakini jaribu wewe kula maharage na mchele miezi sita bila nazi, bila samaki, bila ndimu, bila kitunguu. Mtu aliyezoea mchuzi wa kolekole akinyimwa kitoweo atakitafuta kwa bei anayoimudu, na chumvi ndiyo kitoweo cha bei rahisi kuliko vyote. Kila Mswahili anaelewa maana ya kusema fulani anakula ugali kwa chumvi. Tunalitumia neno hilo kueleza umaskini wa mtu, kisha tunakwenda hospitali tukaueleze umaskini huohuo kuwa ni ukaidi.

Ndipo kinapoingia kidonge cha mchuzi, ambacho kwetu tunakiita kaldo. Sina haja ya kutaja chapa, zipo nyingi na zinafanana. Sehemu kubwa ya kidonge hicho, mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi, ni chumvi tu. Kilichobaki ni mafuta, rangi, viungo, na glutamati, ambayo nayo ina sodiamu yake. Kipo kwenye kila kibanda, kinauzwa kimojakimoja, kina picha ya kuku ambaye hayumo. Mpishi anatia viwili, kisha anatia chumvi kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kaldo ni chumvi. Pakiti inasema, ndiyo, kwa herufi ndogo na kwa Kireno: sódio. Mama mkubwa hasomi Kireno. Na kidonge kilichotolewa kwenye pakiti kikauzwa peke yake hakina hata hizo herufi.

Hapa lugha inatuhusu sisi moja kwa moja. Katika Kiswahili cha zahanati imeenea kauli "usitumie chumvi mbichi", yaani usiongeze chumvi mezani, na watu wengi wameielewa kuwa chumvi iliyopikwa haina madhara. Moto hauondoi sodiamu. Chumvi iliyochemka ndani ya sufuria ni ileile iliyokuwa kwenye kopo. Isitoshe, sisi hatuna kikopo cha chumvi mezani, na nyumba nyingi hazina hata meza. Tunakula mkekani, sinia moja. Kauli hiyo ilitungwa kwa ajili ya ulaji wa watu wengine, ikatafsiriwa neno kwa neno, ikawa ruhusa. Utafiti uliofanywa Maputo na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya sodiamu wanayokula watu ilitoka kwenye chumvi inayotiwa na mikono yao wenyewe katika mapishi. Maputo, mji wenye maduka makubwa na mikate kila kona! Sembuse kijijini.

Tazama na kitenzi chenyewe. "Punguza chumvi." Amri ya umoja, anaambiwa mgonjwa. Mgonjwa wetu mara nyingi hapiki. Anapikiwa na mkwe au binti. Au akipika, anapikia watu kumi na watatu kwenye sufuria moja. Sufuria ya pili inataka mkaa wa pili. Angalau kijikaratasi kingesema "punguzeni", kikaongea na nyumba nzima. Kingeweza pia kusema jambo lisilogharimu kitu: mgonjwa apakuliwe sehemu yake kabla ya chumvi kutiwa, wengine waendelee.

Najua jibu la wanaonipinga, kwa maana nimelisikia bwenini na darasani: watu wetu ni wakaidi, wakishaambiwa hawasikii. Nawauliza, wameambiwa lini? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2005 ulikuta asilimia 33.1 ya Wamsumbiji wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha. Ule wa 2014 na 2015 ukakuta asilimia 38.9. Katika ule wa kwanza, hata watu 15 kati ya kila 100 wenye presha hawakutimia waliokuwa wanajua kuwa wanayo. Ukaidi wa mtu asiyejua kuwa anaumwa ni ukaidi wa aina gani?

Tena hao wanaosifu nidhamu ya mtu binafsi wasisahau kuwa jirani yetu hakuitegemea. Afrika Kusini ilitunga kanuni mwaka 2013, zikaanza kutekelezwa mwaka 2016, zinazoweka kikomo cha sodiamu katika mkate, vitafunio, nyama za viwandani, supu za unga na vidonge vya mchuzi. Hawakumwachia bibi wa Soweto ahesabu miligramu.

Wengine watasema ipo chumvi mbadala, ile ambayo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu, na kweli Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Januari 2025, isipokuwa kwa watu kama wagonjwa wa figo. Duka la Palma linaloiuza sijaliona. Na hapo kijikaratasi chetu kilikuwa na kosa la hatari zaidi ya brokoli, kwa sababu kilichanganya presha na figo katika orodha moja. Ndizi na maji ya dafu vina sodiamu kidogo na potasiamu nyingi, na kwa mwenye presha tu ni neema. Kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa kuitoa potasiamu, dafu hilohilo linaweza kumvuruga moyo. Huyu lazima apewe shauri lake mwenyewe na daktari wake. Tulikibishania kijikaratasi kile, tukakisahihisha viambishi, na hatari ile ikapita katikati yetu salama salimini.

Kama ningekiandika upya, ningeanza na samaki. Ningesema samaki mbichi akipatikana ndiye wa mgonjwa, hata akiwa mdogo, hata akiwa dagaa. Akikosekana, atafutwe aliyekaushwa kwa moshi au kwa jua bila chumvi. Akiwa ng'onda wa chumvi hana budi, alowekwe usiku, maji yamwagwe, alowekwe tena. Chumvi itapungua sana ingawa haitaisha, na mchuzi wake usitiwe nyingine. Ladha itoke kwenye ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, lakini isitoke kwenye achari, kwa kuwa achari ni embe lililozikwa kwenye chumvi. Ningesema pia kwamba ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa, maana mgonjwa anayedhani chakula kitakuwa chapwa hadi kufa atakata tamaa siku ya nne. Ningeuliza na kisima. Pwani nzima kuna visima vya maji ya chumvichumvi, na sijaona mhudumu akimuuliza mgonjwa wa presha anakunywa maji ya wapi.

Mhadhiri mmoja aliniambia kwa upole kwamba haya ni mambo ya madaktari, mwanafunzi wa Kiswahili aachie hapo. Kwa heshima zote, sikubali. Sokoni Pemba, samaki aliyekauka kwa jua tu na yule aliyekaushwa kwa chumvi hulala kwenye fungu moja, kwa bei moja, kwa jina moja: mkavu. Mama mkubwa akimtuma mjukuu, mtoto hana neno la kuulizia. Muuzaji hana neno la kujibia, na kwa kuwa hakuna anayeuliza, hana sababu ya kuwatenganisha. Daktari hatamtungia neno hilo.